Jobeda wa Pili

Jobeda alikuwa mmoja tu. Inspekta Mokhles Pramanik alimtafuta kwa jina, akamtafuta kwa tarehe, akamwambia karani amtafute tena polepole, na kila mara skrini ilimletea mwanamke yuleyule: Jobeda Bewa, wa Pirgacha, amezaliwa tarehe 1 Januari 1960, kundi la damu B.

"Kazaliwa siku moja na mimi," alisema karani, akijaribu kuchangamsha chumba.

"Na mimi," alisema Mokhles.

Daktari Wahiduzzaman, mkuu wa Hospitali ya Nodipar, hakucheka. Alikuwa amejifunika shali mpaka masikioni. Ilikuwa siku ya sita Rangpur haijaliona jua, na ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya korido za hospitali.

"Umeridhika, Inspekta?"

"Nimeona. Kuridhika bado."

"Kuna nini tena? Historia yote hiyo hapo."

Kweli ilikuwapo, na ilikuwa mbaya. Siku nne zilizopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mpimaji wa maabara aitwaye Lutfunnahar aliandika kwamba damu ya Jobeda ni kundi O. Saa tano na dakika arobaini, Lutfunnahar huyohuyo, kwa neno lake la siri, akaifuta O akaandika B. Kesho yake benki ya damu ikatoa mfuko wa B, nesi akautundika, na kabla mfuko haujafika nusu Jobeda alikuwa amekufa. Damu yake ilikuwa O.

"Mwanawe anasema wao ni watu wa Kaunia," alisema Mokhles. "Hapa pameandikwa Pirgacha."

"Wajane hawa, Inspekta! Leo yuko kwa kaka yake, kesho kwa mkwe. Karani ataandika wapi?"

"Daftari la karatasi la maabara liko wapi?"

"Karatasi tuliacha. Hii ni hospitali ya kidijitali." Daktari alilitamka neno hilo kwa fahari, hata siku hiyo. "Mfumo ukisema B, ni B. Hata kumpima mgonjwa upya kitandani hatuhangaiki siku hizi."

Mokhles aliandika neno Pirgacha kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri Lutfunnahar angesimama mbele ya hakimu, na polisi walikuwa wameomba wabaki naye siku tano za mahojiano. Ombi hilo lilikuwa na saini ya Mokhles mwenyewe. Alikuwa amewaona watu wakitoka katika siku tano za namna hiyo, na wengine hawakumtazama mtu usoni tena.

*

Lutfa, kama walivyomwita wenzake, alikuwa na miaka thelathini na minne. Huko mahabusu alikuwa amekaa ameegemea ukuta, amevaa sweta la kazini, lenye nembo ya hospitali kifuani. Mokhles alimletea chai ya tangawizi. Aliishika bila kuinywa.

"Nieleze tena, dada."

"Nimeeleza mara sita, Afande."

"Ya saba utaniambia mimi peke yangu."

"Nilipima wanawake wawili. Wote Jobeda Bewa. Wa kwanza alikuwa O, wa pili akawa B. Nikaandika wa kwanza, nikaandika wa pili. Sikufuta kitu."

"Ulipoandika B, hukuona kwamba tayari kuna O?"

"Kisanduku hufunguka kitupu. Unaandika, unabonyeza, unaendelea. Nina chupa sitini kila asubuhi."

"Kwenye mfumo Jobeda yupo mmoja."

"Najua. Kila anayeingia hapa ananiambia hivyo." Alitazama ndani ya kikombe. "Wa kwanza mshipa wake ulinitoroka, nikamchoma mara mbili. Hakulalamika. Aliniuliza kama nimekula. Wa pili alikuwa mfupi, mkali. Aliniita mbu. Alisema serikali imefuga mbu ikawavisha makoti meupe."

Mokhles alitaka kucheka akajizuia.

"Mtu hawezi kumbuni bibi wa namna hiyo," alisema.

"Mimi sijui tena, Afande. Wameniambia hayupo mpaka nimeanza kuwaamini. Labda nilichoka. Labda nilimwota, na yule maskini nikamuua mimi."

Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomwogopesha Mokhles. Mtu mwongo kwa kawaida huzidisha maelezo kadiri muda unavyokwenda. Huyu alikuwa anaanza kuyaachia.

Alipotoka nje alimwita Konstebo Shofiqul. "Chukua pikipiki, nenda Pirgacha. Nitafutie mjane anaitwa Jobeda, mfupi, ana mdomo. Aliyetoka hospitali wiki hii."

"Pirgacha nzima, Afande? Kwa ukungu huu?"

"Anza na wenye mdomo."

*

Programu ya hospitali iliandikwa na Rezwan Talukdar, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mablanketi. Alikuwa na miaka thelathini hivi, na glavu za sufu zilizokatwa ncha ili vidole vipate kuchapa. Mokhles alimkuta akila keki ya mchele ya mvuke, sukari guru ikimchuruzika kiganjani.

"Programu yako inasema uongo, kijana?"

"Programu haijui uongo, Afande. Inaonyesha ilicholetewa."

"Kilicholetewa na nani?"

"Na maktaba." Rezwan alifuta kiganja. "Mimi sikuandika kila kitu. Sehemu ya kuzungumza na hifadhidata, ghala la habari, ni msimbo ulioandikwa na watu wengine, unaitwa maktaba, nimeuchomeka ndani ya programu yangu. Programu ikitaka habari za mgonjwa, inaiambia maktaba, maktaba inaingia ghalani, inarudi na jibu."

"Kama karani wangu wa masijala."

"Hasa."

"Karani wangu akitumwa jalada, hunung'unika njia nzima. Rafu ya kwanza hakuna, ya pili kuna panya, ya tatu kuna majalada mawili ya jina moja. Huyu wako hanung'uniki?"

"Hunung'unika. Tunaita ujumbe wa utatuzi. Kila swali alilouliza, kila rekodi aliyopata, kila onyo, anataja. Lakini anatajia kwenye dirisha jeusi la maandishi, na programu ya hospitali haina dirisha hilo. Ina vitufe na rangi tu. Kwa hiyo maneno yanaanguka hewani."

"Basi tukinge chombo."

Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi. Rezwan alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, akaiwasha programu kutoka humo, na kuamuru kila neno litakalotoka limwagwe kwenye faili. Wakamtafuta Jobeda. Akaja yuleyule wa Pirgacha. Walipofungua faili, lilikuwa tupu.

"Programu za vitufe huufunga mlango wa maneno hayo zikiamka," alisema Rezwan. "Nilisahau."

"Unasahau sana?"

"Kuna swichi nyingine." Safari hii alibadilisha mipangilio ya kompyuta yenyewe, mahali ambapo maktaba husoma maagizo yake inapoanza, akaipa jina la faili la kuandikia. Wakawasha, wakatafuta. Faili lilikuwa na mstari mmoja: jina la maktaba, toleo lake, saa. Basi.

Mokhles aliusoma mstari huo kwa miwani, kisha bila miwani. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano.

"Amesalimu, halafu kanyamaza," alisema.

"Ndiyo. Ajabu."

"Si ajabu. Mtu akisalimu vizuri halafu akanyamaza ghafla, mimi huuliza ni nani kaingia chumbani. Nani alimziba mdomo?"

"Hakuna awezaye, Afande. Labda ndani ya programu yenyewe..." Rezwan aliishia hapo. Akageukia kibodi, akaufungua msimbo, akaanza kuteremka. Mokhles hakuutazama msimbo, asingeuelewa. Alitazama shingo ya kijana huyo, akaona inavyokuwa nyekundu.

"Umepata."

"Ni mimi," alisema Rezwan.

Ilikuwa hivi. Maktaba ile ilimruhusu mwandishi wa programu kuichagulia msikilizaji: kipande kidogo cha msimbo cha kupokea kila ujumbe na kuamua la kuufanyia. Rezwan alikuwa ameipa msikilizaji asiye na kitu ndani. Maktaba ilisema, msikilizaji akapokea, na habari ikaishia hapo. Tarehe iliyokuwa pembeni ya mstari huo ilikuwa ya miezi kumi na minne iliyopita.

"Siku ya kuonyesha mfumo kwa wageni," alisema Rezwan. "Walijaa ukumbini. Kila nikibonyeza, kisanduku cha njano cha onyo kinaruka katikati ya skrini. Daktari akaninong'oneza, ondoa takataka hizo. Nikaziondoa. Nilisema nitafungua baadaye."

"Maonyo yenyewe yalisemaje?"

"Sikuyasoma, Afande. Nilikuwa natafuta namna ya kuyazima."

Mokhles alivuta kiti akakaa. Goti lake la kulia huuma wakati wa baridi, na sasa lilikuwa linauma sana. Angeweza kumpigia kelele, ila kelele zingekula dakika.

"Mpe huyo karani wako msikilizaji mwenye masikio," alisema. "Aandike kila neno na saa yake. Halafu rudisha mambo yalivyokuwa asubuhi ile kabla Lutfa hajaanza kazi."

"Ninayo nakala ya akiba ya usiku wa kuamkia siku ile."

"Vizuri. Leo wewe ni Lutfa."

Mistari minne tu ya msimbo, na kazi haikumaliza robo saa. Rezwan aliandika Jobeda Bewa, tarehe 1 Januari 1960, damu O. Akabonyeza. Akaandika tena Jobeda Bewa, tarehe ileile, damu B. Akabonyeza. Juu ya skrini hakukutokea jipya, ni vile vitufe na rangi zake. Ndipo akafungua faili, na sauti yake ikashuka kadiri alivyosoma.

"Tafuta: Jobeda Bewa, 1 Januari 1960. Rekodi zilizopatikana: mbili. Onyo: imeombwa moja, zimepatikana mbili, imetolewa ya kwanza. Andika: damu O, rekodi 4417." Alishuka mstari. "Tafuta: Jobeda Bewa, 1 Januari 1960. Mbili. Onyo lilelile. Andika: damu B, rekodi 4417."

"4417 ni nani?"

"Wa Pirgacha."

"Na wa Kaunia?"

"4902. Yupo humu, Afande. Amekuwapo siku zote. Hajaguswa."

Kwa hiyo wote wawili walitiwa katika jalada moja, na benki ya damu ilipouliza, ikapewa jalada hilohilo na neno la mwisho lililoandikwa ndani yake. Lutfa hakufuta kitu.

"Ulitafuta watu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, ukadhani inatosha," alisema Mokhles.

"Kadi zenye namba wanazipoteza. Nikafikiri watu wawili wenye jina moja, siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja, ni..."

"Juma lililopita kituoni tulikata keki moja kwa askari tisa. Mimi nikiwa mmojawao. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza hakuwa na muda wa kuuliza mama zetu, akatuandika wote tarehe moja Januari akaenda kunywa chai. Na mwanamke wa huku mumewe akifa, jina lingine lote huondoka, anabaki Bewa, mjane. Sasa hesabu wewe majina yao yako mangapi." Alimtazama. "Wewe umezaliwa lini?"

"Kwenye karatasi?"

"Kwenye karatasi."

Rezwan aliziangalia glavu zake. "Tarehe moja Januari," alisema.

*

Saa saba na nusu walikuwa katika chumba cha mitambo cha hospitali, wakiwa na karatasi nne zilizochapwa kwa ajili ya hakimu. Mokhles angeweza kuondoka. Kuna ukaidi fulani mtu huzaliwa nao, na huyu alitaka kumsikia yule karani wa Rezwan akinung'unika kazini, si kwenye mazoezi.

"Mfungue mdomo kwenye mashine zenyewe," alisema. "Sasa hivi."

Mistari ilianza kupanda skrini. Daktari wa meno ametafuta mtu: rekodi moja. Mapokezi wametafuta mtu: moja. Moja. Moja. Mokhles alianza kuona haya kwa kupoteza muda. Kisha mstari ukaja na ndugu yake wa onyo: Anwara Bewa, 1 Januari 1955, rekodi zilizopatikana tatu, imetolewa ya kwanza.

"Nani anauliza?"

Rezwan alisoma jina la mashine. "Benki ya damu."

"Anaandika au anasoma?"

"Amesoma." Mstari mwingine ukapanda. "Ametoa mfuko, Afande. Kundi A. Umeshatoka."

Mokhles hakukumbuka goti mpaka alipofika ngazi. Alipanda akishikilia ukuta, akawapita jamaa za wagonjwa waliojikunyata chini na mablanketi yao, akaingia wodi ya wanawake akihema.

"Anwara! Anwara Bewa yupo wapi?"

"We mzee vipi?" Nesi aligeuka, mkono wake ukiwa tayari kwenye kifungio cha mrija. Mfuko ulikuwa umeshatundikwa. "Unapiga makelele wodini, hapa gulioni?"

"Polisi. Usifungue."

"Hata polisi wana sauti ya chini, wanaitumia tu wakitaka."

"Dada yangu, nakuomba. Usifungue."

Nesi hakufungua. Mokhles aliinama juu ya kitanda. Bibi aliyelala hapo alikuwa mdogo wa mwili, uso wa rangi ya majivu.

"Bibi, kwenu wapi?"

"Gangachara, mwanangu."

Mokhles akaugeuza mfuko, akasoma karatasi iliyobandikwa: Anwara Bewa, Badarganj. Akamwonyesha nesi kwa kidole. Nesi alisoma, akamtazama bibi, akasoma tena.

Walimpima hapohapo kitandani, kwa tone la damu juu ya kigae, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Alikuwa O. Nesi alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani bila kuomba ruhusa, akashika kichwa.

Daktari Wahiduzzaman alifika na shali lake. "Inspekta, unaleta taharuki hospitalini kwangu."

"Zima mfumo wako, Daktari. Toa karatasi. Mtu asitiwe damu bila kupimwa kitandani, na kila aliyetiwa damu kwa jalada la mtu mwingine katika miezi hii kumi na minne, nitataka jina lake."

"Miezi kumi na minne yote? Utayapata wapi?"

Maktaba ilikuwa imesema kila kitu kwa miezi kumi na minne, siku kwa siku, na hakuna neno lililowekwa mahali popote. Alichokuwa nacho Mokhles ni karatasi nne za mchana mmoja.

*

Hakimu alizisoma mara mbili. Alimuuliza Mokhles kama ni kweli analiondoa ombi lenye saini yake, Mokhles akasema ndiyo, na kwamba saini ile inamwaibisha. Saa tisa na nusu Lutfa alitoka kwenye korido ya mahakama, hana askari pembeni. Alisimama asijue aelekee upande gani.

Mokhles alimpa karatasi moja. Lutfa alisoma mstari uliosema rekodi zilizopatikana ni mbili, akarudi juu, akasoma tena.

Simu ya Mokhles ikalia. Ilikuwa sauti ya Shofiqul, na nyuma yake kuku.

"Nimempata, Afande! Nyumba ya ishirini na sita hii. Yuko hapa anamenya viazi. Anasema polisi hana shida nao, ila kama ni habari ya yule mbu wa hospitali, mkono wake umevimba mpaka leo, na anataka..."

Mokhles alimwekea Lutfa simu sikioni. Sauti kali ya kikongwe ilisikika hadi nje ya simu, ikitukana makoti meupe, sindano na serikali.

"Yupo," alisema Lutfa. "Kumbe yupo." Akalia hapo koridoni, simu ingali sikioni, na bibi akiendelea kutukana.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Ndipo akamwona mtu aliyekaa benchi la mwisho, amejitanda shali la bei rahisi, miguu ina tope la Kaunia. Alikuwa mtoto wa marehemu. Alikuja kumwona aliyemuua mama yake akipelekwa ndani, na sasa alikuwa ameketi tu, kwa kuwa hakuna aliyempa jina lingine la kwenda nalo nyumbani.

"Usiende," alisema Mokhles. "Bado hajaelezwa vizuri."

Lutfa alikwenda. Mtu yule alimtazama bila kusimama.

"Mama yako ndiye niliyempima kwanza," alisema Lutfa. "Mrefu. Mshipa wake ulinitoroka, nikamchoma mara mbili. Hakulalamika."

Mtu yule aliinamia miguu yake yenye tope.

"Aliniuliza kama nimekula."

Mwishowe yule mwana alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Ndiye," alisema. "Huyo ndiye mama."